Nati, Upepo na Upande wa Dereva: Kiswahili cha Gereji katika Matengenezo ya Malori Makuukuu ya Kijeshi

Ikisiri

Malori yaliyoundwa kwa ajili ya majeshi na baadaye kuuzwa kwa raia yana historia ndefu katika kanda hii. Makala haya yanafafanua namna malori hayo yanavyotunzwa na kutengenezwa, na yanaonesha kuwa baadhi ya hatari kubwa katika kazi hiyo zinahusiana na maneno machache ya kawaida yanayobeba maana zaidi ya moja: nati, upepo, mafuta na kushoto. Inapendekezwa kuwa usanifishaji wa istilahi za ufundi uanzie katika maneno haya ambayo fundi tayari anayatumia, kabla ya kumtafutia maneno mapya.

1.0 Utangulizi

Lori la kijeshi hutofautiana na lori la biashara tangu siku linapobuniwa. Mnunuzi wake ni mmoja, yaani serikali. Vipuri vyake huagizwa kwa wingi pamoja nalo, na matengenezo yake huandikiwa vitabu vya kina vinavyosema ni nani afanye nini, kwa chombo gani na baada ya muda gani. Siku jeshi linapoliuza kwa raia, lori huondoka lakini vitabu mara nyingi hubaki, na vikiondoka nalo huwa katika lugha ambayo fundi wa mnunuzi mpya haisomi kwa wepesi.

Wingi wa malori haya ulitokana na Vita Kuu ya Pili. Lori la Marekani aina ya GMC CCKW, lenye uwezo wa tani mbili na nusu na ekseli tatu zote zikivuta, liliundwa kwa idadi iliyozidi 500,000 kati ya mwaka 1941 na 1945. Bedford QL ya Uingereza, ya tani tatu, ilizidi 50,000. Baada ya vita zilifuata Bedford RL kuanzia mwaka 1953, na baadaye Bedford MK yenye injini iliyobuniwa kutumia zaidi ya aina moja ya mafuta. Kwa upande wa Marekani ilikuja M35, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kudumu jeshini kwa miongo kadhaa. Kuanzia miaka ya 1970 kampuni za Uingereza za safari za nchi kavu zilizileta Bedford za zamani za jeshi hadi Nairobi kupitia Sahara na Kongo, zikiwa zimebeba watalii nyuma, mahali palipokuwa pa askari.

Mwaka 1986 General Motors iliacha kuunda malori ya Bedford nchini Uingereza. Kampuni ya AWD iliyonunua kiwanda cha Dunstable ilifilisika mwaka 1992. Tangu hapo anayemiliki Bedford hutegemea akiba ya zamani, vipuri vya kuchongesha, na ujuzi wa mdomo. Ujuzi huo wa mdomo, katika gereji nyingi za kanda hii, uko katika Kiswahili.

2.0 Kongwa: gereji iliyolemewa

Mfano wa kale na wenye gharama kubwa zaidi katika eneo hili ni mpango wa karanga wa Tanganyika. Serikali ya Uingereza iliuanzisha baada ya vita ili kupata mafuta ya kula, na kazi ya kufyeka pori ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha ikaenea Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi uliotakiwa, kwa hiyo wasimamizi walinunua mitambo iliyobaki vitani, mingine kutoka katika maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Hata vifaru aina ya Sherman vilibadilishwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta. Mpango ulifutwa mwaka 1951 na hasara ya zaidi ya pauni milioni 30 ikabaki kwa mlipakodi wa Uingereza.

Lawama ya anguko hilo kwa kawaida hutupiwa udongo mgumu na mvua haba, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, gereji nayo ilichangia kiasi kikubwa. Mitambo ilifika ikiwa imechoka, ya aina nyingi zisizolingana vipuri, na mingi ikaharibika kabla haijafanya kazi ya maana. Madereva na mafundi wasaidizi walikuwa Waafrika waliofundishwa kwa haraka. Wasimamizi wengi walikuwa askari wa zamani wa Uingereza. Lugha iliyoweza kuwakutanisha ilikuwa Kiswahili, ambacho tayari kilikuwa lugha ya mawasiliano katika kikosi cha King's African Rifles. Lakini Kiswahili kile cha jeshini kilikuwa cha amri zaidi kuliko cha maelezo. Kumwambia mtu afanye ni jambo moja, na kumweleza kwa nini beringi isiyopakwa grisi itamgharimu ekseli nzima ni jambo jingine. Pengo hilo halijazibwa kikamilifu hadi leo.

3.0 Kilomita chache, miaka mingi

Anayenunua lori lililotoka jeshini huvutiwa na mita yake, maana gari lililokaa ghalani kama akiba huweza kuwa na kilomita chache sana. Mita haihesabu miaka. Mpira hufa hata kama gari halitembei: mipira ya breki hukauka na kupasuka, sili za mafuta hukakamaa, na tairi lenye kashata nzima huwa na nyufa ubavuni. Pistoni za silinda za breki hushikana na kutu kwa sababu mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa. Tangi la mafuta hutengeneza kutu ndani, na kutu hiyo huziba kabureta au kuharibu pampu ya dizeli siku ya kwanza gari linapopigwa starta.

Kwa sababu hiyo fundi mzoefu haanzi na injini. Huanza na vimiminika vyote: hukimbiza oili ya injini, ya giaboksi, ya giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, na ya kila difu. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa humwambia kuwa maji yameingia, jambo la kawaida kwa lori lililopitishwa mitoni. Kisha hufungua habu zote, huosha beringi na kuzipaka grisi upya. Kazi hii huchukua siku kadhaa na haionekani kwa macho, ndiyo sababu mwenye gari hukosa subira. Injini hufuata baadaye, na mara nyingi hushangaza kwa uzima wake, kwa kuwa injini za kijeshi hazikukusudiwa kukamuliwa nguvu nyingi kwa ukubwa wake.

Jambo jingine linalomchosha fundi ni kwamba lori moja si lazima lilingane na ndugu yake. GMC CCKW iliundwa na ekseli za aina mbili: moja yenye tumbo la duara lililozibwa kwa kifuniko, inayofahamika kama banjo, na nyingine ya Timken ambayo nyumba yake imeunganishwa kwa vipande. Vipuri vya moja havifai katika nyingine. Anayeagiza "difu ya GMC" bila kusema ni ipi huweza kungoja miezi mitatu apokee chuma kisichoingia. Hapa jina sahihi lina thamani ya fedha inayohesabika.

Jeshi la Marekani wakati wa vita liligawa matengenezo katika ngazi tano, kuanzia dereva mwenyewe hadi karakana kuu. Ngazi ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi wa kila siku: maji, oili, upepo wa matairi, nati zilizolegea, uvujaji. Raia alirithi lori bila ngazi hizo. Katika gereji ya kawaida mtu mmoja hubeba ngazi zote tano, na utingo ndiye huachiwa ile ya kwanza, mara nyingi bila kufundishwa kwa maneno. Hujifunza kwa kutazama.

4.0 Maneno manne

4.1 Nati

Malori mengi ya Uingereza ya kipindi cha vita na baada yake yalikuwa na rimu ya vipande viwili, vilivyobanwa pamoja kwa duara la nati. Duara jingine la nati, tofauti kabisa, ndilo hulishika gurudumu kwenye habu. Fundi anayetaka kutoa gurudumu hulegeza duara la pili. Akikosea akalegeza lile la kwanza wakati tairi lina upepo, vipande viwili vya rimu hutengana kwa nguvu yote iliyomo ndani ya tairi. Watu wameuawa kwa namna hii katika nchi nyingi.

Kwa Kiswahili duara zote mbili ni "nati za gurudumu". Kitabu cha mafunzo kikiandika "legeza nati za gurudumu" kimesema sawa kwa mujibu wa kamusi na kimemweka msomaji hatarini. Jeshi la Uingereza lilitatua tatizo hili bila kutegemea maneno: nati zinazobana vipande vya rimu zilipakwa rangi nyekundu. Ni ishara nzuri, isipokuwa kwamba lori linapouzwa kwa raia jambo la kwanza analofanya mnunuzi ni kulipaka rangi upya, na rimu nazo hupakwa, nati kwa nati, rangi moja. Ishara hupotea ndani ya alasiri moja.

M35 ina mpangilio mwingine: rimu yake hushikilia tairi kwa pete ya chuma inayoingia katika mfereji. Pete iliyokaa vibaya, iliyoliwa na kutu au iliyochukuliwa kutoka rimu nyingine huweza kuruka wakati wa kujaza upepo. Ndiyo maana tairi la namna hii hujazwa likiwa ndani ya kizimba cha chuma, huku mjazaji akiwa amesimama kando na kutumia mpira mrefu. Kanuni ya kwanza kwa rimu zote za vipande ni moja: toa kwanza moyo wa valvu, hakikisha upepo wote umetoka, ndipo spana iguse kitu chochote.

Inafaa kutaja hapa kanuni ya usalama kazini ya Marekani kuhusu rimu za vipande, iliyotolewa mwaka 1980. Kanuni hiyo haikuishia kwenye vizimba na pete. Inamtaka mwajiri, pale anapojua au anapokuwa na sababu ya kuamini kuwa mfanyakazi hawezi kusoma na kuelewa chati na kitabu cha rimu, ahakikishe amefundishwa yaliyomo kwa namna anayoweza kuielewa. Kwa maneno mengine, sheria ilitambua kuwa lugha ni sehemu ya vifaa vya usalama. Washauri wa sera katika kanda hii, ambao hujadili sana nafasi ya Kiswahili bungeni na mahakamani, wangefaidika kwa kuisoma kanuni hiyo ya gereji.

4.2 Upepo

Upepo ni neno la gereji lenye kazi nyingi. Tairi hujazwa upepo. Malori makubwa yana breki za upepo. Na breki za mafuta zikilegea chini ya mguu, fundi husema "zimeingiwa na upepo", naye hutoa upepo kwa kufungua vinipo vya silinda huku msaidizi akipampu pedali.

Kwa lori lenye mfumo mmoja maana hizi hazigongani. M35 ina mifumo miwili ndani ya moja. Mguu wa dereva husukuma mafuta; msukumo huo hufungua njia ya upepo uliohifadhiwa katika matangi; upepo huo nao huzidisha msukumo wa mafuta kuelekea magurudumuni. Upepo lazima uwepo katika bomba moja na lazima usiwepo katika bomba la pili lililo kando yake. Agizo "toa upepo kwenye breki" huweza kumaanisha kumwaga matangi ili kuondoa maji yaliyojikusanya, kazi ya dereva ya kila siku, au kusafisha mabomba ya mafuta, kazi ya fundi. Aliyefanya la kwanza na kuamini amefanya la pili anaondoka na breki mbovu. Ubaya zaidi, katika M35 za zamani mfumo wa mafuta ulikuwa na njia moja tu kwa magurudumu yote, hivyo kasoro mahali pamoja huathiri breki zote.

Tofauti inaweza kuwekwa kwa maneno yaliyopo: "kumwaga tangi" kwa upande wa upepo, na "kutoa upepo" kwa upande wa mafuta pekee. Haihitajiki istilahi mpya hata moja.

4.3 Mafuta

Petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, ya breki ni mafuta, na ya kupikia pia. Katika mazungumzo muktadha huamua. Ghalani, penye madebe yasiyo na maandishi, muktadha haupo. Oili ya injini ikiingia katika mfumo wa breki unaotumia mafuta ya kawaida ya glikoli, mipira yote huvimba na kuharibika, na tiba yake ni kubadilisha kila mpira kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho. Aidha, mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilihamia mafuta ya breki ya silikoni, ambayo hayapaswi kuchanganywa na yale ya glikoli. Kwa hiyo hata "mafuta ya breki" hayatoshi kwa M35. Lazima aina itajwe. Gereji nyingi za Tanzania na Kenya zimejipatia nafuu kwa kuliacha neno "oili" lisimame peke yake kwa vilainishi vya injini na gia. Mgawanyo huo umetokea bila kamati yoyote, na kamusi zingefanya vyema kuufuata.

4.4 Kushoto

GMC na M35 zina stadi za magurudumu ya kushoto zilizokatwa hesi ya kinyume, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Nati hizo hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea kulia. Asiyejua huongeza urefu wa mtaimbo, huita mwenzake aje kusaidia, na stadi hukatika. "Nati ya kushoto" basi huweza kuwa nati iliyo upande wa kushoto au nati yenye hesi ya kushoto, na lori la kiraia lenye hesi za kawaida pande zote huifanya dhana ya pili isimjie fundi kabisa.

Vitabu vya kijeshi hueleza kuwa kushoto na kulia ni kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha dereva. Fundi aliyeinamia injini akitokea mbele huona kinyume chake. Gereji za Kiswahili zimeepuka utata huu kwa njia yao: husema "upande wa dereva" na "upande wa utingo". Ni suluhisho zuri ndani ya nchi moja. Likivuka mpaka linageuka. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto mwa barabara na usukani uko kulia. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia. Bedford ya jeshi la Uingereza ina dereva upande wa kulia, M35 upande wa kushoto. Hesi ya kinyume ya M35 iko upande wa dereva. Fundi wa Mbarara aliyezoea usukani wa kulia akiambiwa hivyo kwa simu na mwenzake wa Bukavu huweza kuelekea gurudumu lisilo lenyewe.

5.0 Injini na moteri

Mpaka huohuo hupita katikati ya msamiati. Kwa msemaji wa Kiswahili wa Dar es Salaam au Mombasa, gari lina injini, breki, gia na tairi. Kwa wengi wa Goma, Bujumbura na Kigali, maneno yaliyo karibu na ulimi ni moteri, feri, vitesi na pine, yaliyopitia Kifaransa. Maelewano hupatikana kwa kuonesha kidole, mradi chuma kipo mbele ya wote wawili. Kwa simu au kwa maandishi kidole hakisaidii. Ni kosa kuyaita maneno ya magharibi kuwa makosa: yamekopwa kwa kanuni ileile iliyoleta "breki" na "springi", na yamezoeleka kwa mafundi wanaoyatumia. Orodha ya istilahi itakayoandika safu moja tu itawaacha nje mafundi wa nusu ya kanda.

Majeshi yenyewe yaligundua mapema kuwa kitabu rasmi hakimfikii fundi kwa sababu tu kimechapishwa. Kuanzia mwaka 1951 jeshi la Marekani lilitoa jarida la PS lililofundisha matengenezo kwa katuni na kwa lugha ya mazungumzo, na Will Eisner, mchoraji mashuhuri, aliongoza sanaa yake kwa miaka 20. Vitabu rasmi viliendelea kuwepo na ndivyo vilivyokuwa na nguvu ya amri. Jarida lilifanya kazi ambayo vitabu havikuiweza: kumweleza askari kwa maneno yake kwa nini kazi ile ifanywe.

6.0 Mapendekezo

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, pamoja na mabaraza ya lugha ya nchi wanachama, hupewa mara kwa mara mapendekezo ya kuunda istilahi za sayansi kwa maelfu. Pendekezo la hapa ni dogo zaidi. Kwanza, yakusanywe maneno ya gereji ambayo maana zake zinagongana mahali penye hatari, na kila moja liwekewe mpaka kwa kutumia maneno yaliyopo. Kwa mfano wa rimu, "nati za habu" zitengwe na "nati za rimu", na neno "nati za gurudumu" liondolewe kabisa katika maandishi ya mafunzo. Pili, safu mbili za msamiati, ya mashariki na ya magharibi, zichapwe bega kwa bega bila kuipa mojawapo jina la lahaja au kosa. Tatu, pande za gari zitajwe kwa kuanzia kiti cha dereva, na kila ukurasa unaohusu magurudumu useme gari linalozungumziwa lina usukani upande gani.

Nne, vyuo vya ufundi na wanaosimamia ukaguzi wa magari wakubaliane kuhusu bango moja la ukutani kwa gereji za malori, lenye mchoro wa rimu ya vipande na maneno yasiyozidi mstari: "Toa upepo wote kwanza. Nati za rimu haziguswi tairi likiwa na upepo." Mchoro huo uchapwe kwa rangi, kwa kuwa nati za rimu lazima ziwe nyekundu hapo, na mwenye lori ashauriwe kuzirudishia rangi hiyo kila anapopaka rimu upya.